Kesho Idd au Siyo? Kuishi na Kalenda Mbili Chuoni

Kila mwaka Ramadhani inapokaribia kuisha, magrupu ya WhatsApp ya madarasa hujaa swali moja: "Jamani, kesho Idd au siyo?" Wanaouliza si Waislamu peke yao. CR anataka kujua kama lekcha ipo. Mwenye presentesheni saa mbili asubuhi anataka kujua kama akeshe au alale. Mama ntilie wa nje ya geti anapiga hesabu ya mchele wa pilau. Mwenye tiketi ya basi la kwenda Same anajiuliza kama asogeze safari. Na jibu huwa ni lile lile: tunasubiri mwezi.

Wapo wanaolichukua jibu hilo kama uzembe. Wanasema wanasayansi wanajua hadi dakika ambayo jua litapatwa miaka hamsini ijayo, sasa ninyi mnashindwaje kujua sikukuu yenu ya kesho? Swali hilo ni halali na linastahili jibu bora kuliko "ndivyo dini inavyosema". Nitajaribu kulijibu. Mwisho wake nadhani tutakubaliana kwamba utata wa kalenda hii ni mdogo kuliko tunavyodhani. Ni utata wa siku moja, na siku zenyewe mbili zinazogombaniwa zinajulikana miaka mingi kabla. Mtihani ukigongana na Idd, basi, mwezi hauna kosa. Kuna mtu alipanga ratiba bila kuacha nafasi.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana ni fupi. Kutoka mwandamo mmoja hadi mwingine ni wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44. Kwa kuwa huwezi kuwa na nusu siku kwenye kalenda, mwezi mmoja unakuwa na siku 29 na mwingine 30. Hauna 31 wala 28. Miezi kumi na miwili inatoa siku 354, na miaka mingine 355. Mwaka wa jua una 365 na robo. Tofauti ni siku 11 hivi, na ndizo zinazoifanya Ramadhani irudi nyuma kila mwaka kwenye kalenda ya ukutani.

Mayahudi nao wana miezi ya mwandamo, ila kila baada ya miaka miwili au mitatu huongeza mwezi wa kumi na tatu ili sikukuu zao zisihame msimu. Waarabu kabla ya Uislamu nao walikuwa na mtindo wa kuchezea miezi. Qur'ani ikaukataza katika Surat Tawba, aya ya 36 na 37: miezi ni kumi na miwili, basi. Matokeo yake ni kwamba Ramadhani huzunguka mwaka mzima. Miaka 33 ya Hijria ni kama miaka 32 ya kawaida. Ukitaka kujifurahisha, mtu wa miaka 22 kwenye kitambulisho cha NIDA ana miaka 22 na miezi minane kwa hesabu ya mwezi.

Mwaka wa kwanza umehesabiwa kuanzia Hijra, yaani Mtume alipohama Makka kwenda Madina mwaka 622. Utaratibu wa kuhesabu hivyo uliwekwa baadaye, zama za khalifa Umar, kwa sababu ya kiofisi kabisa: barua za serikali zilikuwa zikifika bila mwaka. Hata kalenda takatifu ilizaliwa na tatizo la mafaili.

Waswahili walivyoipokea

Hapa ndipo panaponivutia zaidi, na ndipo wengi wetu tunapaswa kujua zaidi kuliko tunavyojua. Waswahili hawakuichukua kalenda hii kama ilivyokuja. Waliipa majina yao, na majina yenyewe yanaonyesha walivyoufikiria mwaka.

Miezi mitatu tu ndiyo iliyobaki na majina ya Kiarabu: Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Mingine tisa inahesabiwa kuanzia siku ya kufungua. Shawwal ni Mfunguo Mosi, Dhul-Qaada ni Mfunguo Pili, Dhul-Hijja ni Mfunguo Tatu, na kuendelea hadi Mfunguo Tisa. Idd ya kuchinja inaangukia tarehe 10 Mfunguo Tatu. Maulidi ni tarehe 12 Mfunguo Sita. Mwaka mpya wa Kiislamu, ule unaoanza na Muharram, kwa Mswahili ni Mfunguo Nne, yaani mwaka umeshatembea. Kwake mwaka halisi unaanza pale watu wanapomaliza kufunga. Siku hizi wengi husema "Mfungo Sita", na magazeti huandika hivyo, lakini asili ni mfunguo, kutoka kufungua. Miezi hiyo ni ya kula mchana, siyo ya kufunga.

Lugha yetu yenyewe imeshajaa kalenda hii hata kwa asiyeijua. Neno "mwezi" ni la angani na ni la siku thelathini. Tunasema mwezi "umeandama" na mwezi "mpevu". Wiki yetu inaanza Jumamosi, siku ya kwanza baada ya Ijumaa. Na kuna kituko kimoja: Jumatano ni ya tano kwa Kiswahili, kisha inafuatiwa na Alhamisi, ambayo ni ya tano kwa Kiarabu. Tuna siku mbili za tano na hakuna anayelalamika.

Siku nayo inaanza jua linapozama. Hili linawachanganya hata Waislamu wenyewe. Usiku wa Ijumaa kwa hesabu hii ni ule unaofuata Alhamisi jioni, ndiyo maana Kiswahili kikaja na "usiku wa kuamkia Ijumaa" kuondoa ubishi. Tarawehe ya kwanza inaswaliwa kabla ya funga ya kwanza kwa sababu hiyo hiyo: mwezi ukionekana, Ramadhani imeshaingia pale pale. Anayetaka kukesha usiku wa 27 akisubiri jioni ya siku aliyofunga funga ya 27, amechelewa kwa usiku mmoja. Kwa jirani yako wa chumba asiye Mwislamu, jambo la kukumbuka ni moja tu: mwenzako akisema "leo" baada ya Magharibi, anaweza kuwa anamaanisha kesho yako.

Halafu kuna hili ambalo nadhani ndilo somo kubwa la pwani. Kalenda ya mwezi haifai kwa kilimo wala kwa safari za jahazi. Upepo wa kaskazi na kusi haufuati mwandamo, na mvua za masika pia hazifuati. Watu wa pwani walilijua hilo, wakaweka kalenda ya pili, ya jua, yenye siku 365, inayoanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa makumi, kila kumi ikiitwa mwongo. Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kule Unguja, unaosherehekewa kila Julai, ni mabaki hai ya kalenda hiyo. Kwa hiyo nahodha mmoja alikuwa na tarehe ya kuswali Idd na tarehe ya kung'oa nanga, na hakuona tabu. Sisi tunaoishi na almanaki ya chuo mkono mmoja na Ramadhani mkono wa pili hatufanyi jambo geni.

Anga la Moshi

Sasa tuje kwenye kuuona huo mwezi. Mwezi mchanga hauonekani popote na wakati wowote. Kwanza lazima upite mahali ulipo kwenye mstari mmoja na jua, kisha usogee kiasi cha kutosha ili ukingo wake mwembamba upate mwanga. Kwa macho matupu, mwezi wenye umri wa chini ya saa 15 ni muujiza. Ukifika saa 24 na anga likawa safi, watu wengi wanauona. Katikati ya hapo ndipo ugomvi unapotokea.

Sisi tuko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, na hiyo ni bahati. Jua na mwezi huku vinashuka karibu wima, kwa hiyo mwezi mchanga unakuwa juu ya jua, siyo pembeni yake ukitambaa kwenye vumbi la upeo wa macho kama nchi za kaskazini. Ndiyo maana hilali yetu hulala kama dau. Ile inayosimama kwenye bendera ni ya watu wa mbali.

Lakini bahati hiyo tunanyang'anywa na milima. Ukisimama Moshi mjini, Kilimanjaro yenyewe haina kosa, iko kaskazini. Mwenye kosa ni Meru, zaidi ya kilomita 60 upande wa magharibi. Katikati ya Aprili, na tena mwishoni mwa Agosti, jua linazama upande ule ule wa Meru. Kilele chake kinaziba kama nyuzi tatu za anga, na kwa kuwa anga linasogea nyuzi moja kila dakika nne, tunapoteza kama dakika kumi na mbili za kuutazama mwezi ambao pengine ungekaa nusu saa tu. Ongeza mawingu ya masika kuanzia Machi hadi Mei. Ukipanda Machame, Kibosho au Marangu, ongeza ukungu na migomba. Ndiyo maana habari ya mwezi kwa mtu wa mlimani kwa kawaida imetoka kwingine. Zamani ilitoka kwenye redio, siku hizi kwenye simu.

Jua hilo hilo lina jambo dogo la kuangalia kwenye futari. Moshi iko magharibi ya Dar es Salaam, kwa hiyo jua letu linazama baadaye, dakika chache mpaka zaidi ya kumi kutegemea na mwezi wa mwaka. Anayefuturu kwa adhana ya redio ya Dar anakula kabla ya wakati. Tumia ratiba ya Moshi au toka nje utazame.

Kuhusu saa za kufunga, hapa kwetu ni kama saa 13 na nusu, mwaka wowote na msimu wowote, tofauti ni dakika chache. Mwenzetu aliyepata skolashipu London na kukutana na Ramadhani ya Juni anafunga zaidi ya saa 18. Kwa hiyo kuhama kwa Ramadhani hakutuongezei njaa. Kinachobadilika kwetu ni jua la Februari, baridi ya Julai, na ratiba ya chuo.

Siku mbili za Machi 2025

Mfano mzuri wa ubishi wenyewe ni Idd el-Fitri ya mwaka 2025. Saudi Arabia ilitangaza Idd Jumapili, tarehe 30 Machi. Tanzania kitaifa tulisherehekea Jumatatu, tarehe 31, na Kenya hivyo hivyo. Hapa kwetu wapo walioswali Jumapili na wapo walioswali Jumatatu, mara nyingine ndani ya hosteli moja.

Hesabu inasemaje? Mwezi ulipita kwenye mstari na jua tarehe 29 Machi, saa 7 na dakika 58 mchana kwa saa za Afrika Mashariki. Tuna hakika kwa sababu siku hiyo hiyo jua lilipatwa kwa sehemu, likaonekana hivyo Ulaya na kaskazini-magharibi ya Afrika, na jua halipatwi ila mwezi ukiwa mpya kabisa. Jua la Moshi lilizama siku hiyo saa 12 na dakika 40 hivi. Maana yake mwezi ulikuwa na umri wa chini ya saa tano. Hakuna jicho la kuuona mwezi wa namna hiyo. Kesho yake jioni ulikuwa na zaidi ya saa 28, na hapo hata mtoto angeuonyesha kwa kidole.

Sitaki mfano huu ugeuzwe fimbo ya kumpigia mtu. Aliyeswali Jumapili hakuwa anadai kauona mwezi juu ya Pasua. Alifuata rai kwamba tangazo la nchi moja linawatosha Waislamu wote, hasa la nchi yenye Makka. Aliyeswali Jumatatu alifuata rai kwamba kila nchi au ukanda una mwandamo wake. Rai zote mbili ni za zamani na zina wanazuoni wake. Na kuna wa tatu: Mabohora hufuata kalenda iliyokwisha kukokotolewa, hawasubiri kuangalia, na mara nyingi hutangulia wengine kwa siku moja au mbili. Uturuki nayo inatumia hesabu. Kitaifa, sisi tunasubiri tangazo la Mufti na BAKWATA, chombo kilichoanzishwa mwaka 1968.

Mtazamo wangu, kama una thamani, ni kwamba hesabu inafaa sana kukataa na macho yanafaa kuthibitisha. Hesabu ikisema mwezi bado haujazaliwa, ushahidi wa "nimeuona" uwekwe pembeni kwa heshima. Hesabu ikisema inawezekana, watu watoke nje watazame. Lakini atakayesema hesabu itamaliza tofauti zote namwomba atazame Pasaka. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, ndiyo maana inazunguka kati ya Machi 22 na Aprili 25. Makanisa yaliacha kutazama angani zamani, yakatengeneza majedwali. Na bado Waorthodoksi na wenzao wa magharibi husherehekea Pasaka siku tofauti miaka mingi. Sisi hapa Moshi, ambako Walutheri na Wakatoliki ndio wengi, tunasafiri kila mwaka kwa tarehe iliyowekwa na mwezi bila hata kujua.

Na si Pasaka tu. Muulize mwongoza watalii yeyote. Wageni wengi hulipia wapande Kibo ili wafike Uhuru, mita 5,895, mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu safari ya mwisho inaanza karibu usiku wa manane na theluji inayong'aa ni taa ya bure. Mgumu aliyebeba mzigo wiki hiyo, awe Mwislamu au Mkristo, yuko kwenye tarehe 13, 14 au 15 ya mwezi mwandamo. Ndizo zile siku nyeupe ambazo Waislamu wengine hufunga sunna.

Mambo matatu ya kila siku

La kwanza ni simu. Programu nyingi zinazoonyesha tarehe ya Hijria hutumia kalenda ya Ummul-Qura ya Saudi Arabia. Kalenda hiyo imekokotolewa mapema kwa matumizi ya kiofisi: mwezi mpya umeingia kama mwezi umezaliwa kabla ya jua kuzama Makka na umezama baada yake. Haisemi kwamba umeonekana, na wala haisemi chochote kuhusu Tanzania. Kwa hiyo simu yako inaweza kutangulia siku moja. Programu nyingi zina sehemu ya kuongeza au kupunguza siku. Irekebishe kila mwezi unapoandama, vinginevyo utafunga siku nyeupe ukiwa kwenye tarehe 12.

La pili ni pesa. Wapo wenzetu wenye biashara, mtumba wa Memorial, uwakala wa miamala, na fedha yao inafika kiwango cha zaka. Zaka ni asilimia 2.5 kwa mwaka, lakini mwaka wenyewe ni wa mwezi. Ukifunga mahesabu kila Desemba 31, umeongeza siku 11 kwenye kila mwaka wako. Baada ya miaka 32 utakuwa umeruka zaka ya mwaka mzima bila kujua. Mwenye kulazimika kutumia mwaka wa jua, wataalamu humwelekeza alipe asilimia 2.577. Kwenye shilingi milioni 10, badala ya 250,000 ni 257,700. Siyo nyingi, ila ni ya mtu. Saudi Arabia wenyewe waliona upande wa pili wa hesabu hii Oktoba 2016, walipohamisha mishahara ya serikali kutoka Hijria kwenda kalenda ya kawaida: mfanyakazi anafanya kazi siku 11 zaidi kwa mshahara ule ule wa mwaka.

Katika fungu hili hili iko eda. Mjane anakaa miezi minne na siku kumi, na miezi hiyo ni ya mwandamo, jumla kama siku 128. Akihesabu kwa kalenda ya ukutani atakaa mpaka siku 130 au 133. Kwa mwanafunzi anayesubiri kurudi darasani, siku hizo zinaweza kuwa ndizo za usajili. Aulize kwa mashehe mapema, asihesabu peke yake.

La tatu ni ratiba, na hapa ndipo panapouma. Kwa hesabu, Ramadhani ya 2026 inaanza tarehe 18 au 19 Februari, na Idd yake ni 20 au 21 Machi. Ya 2027 inaanza karibu na Februari 8, Idd karibu na Machi 10. Ya 2028 inaanza mwishoni mwa Januari, Idd Februari 26 au 27. Ya 2029 inaanza katikati ya Januari na Idd inagusa Februari 14 au 15, kwa wale wenye mambo yao ya maua. Vyuo vingi hufanya UE ya semista ya kwanza Februari au mwanzoni mwa Machi. Maana yake anayeingia mwaka wa kwanza sasa anaweza kufanya kila UE ya semista hiyo, mpaka anahitimu, akiwa amefunga au akisubiri mwezi.

Kufunga na kufanya mtihani kunawezekana, watu wanafanya. Kinachoumiza ni vitu vidogo. Mtihani wa saa kumi alasiri unaoisha saa moja usiku, wakati futari imeshapita. Kantini inayofungua saa moja asubuhi wakati daku ni saa kumi usiku, na jiko la umeme hosteli ni marufuku. Bumu ambalo halijaingia. Na juu ya yote, mtihani uliopangwa siku ambayo inageuka kuwa Idd, unahamishwa usiku wa manane kwa tangazo la WhatsApp, na darasa zima, Mwislamu na Mkristo, linaanza kusoma upya kozi nyingine.

Hili lina dawa, tena haina gharama. Kamati inapokaa kupanga ratiba, siku mbili zinazowezekana za Idd el-Fitri zinajulikana tayari. Kwa kuwa serikali yetu hutoa mapumziko ya siku mbili, ziachwe siku tatu bila mtihani. Mwezi ukiandama mapema au ukichelewa, hakuna kinachohamishwa, na anayefuata mwezi wa kimataifa naye hahitaji kuandika barua ya ruhusa. Idd ya kuchinja ni rahisi zaidi, maana ni tarehe 10, na mwezi ukishaandama kuna siku tisa za kujipanga. Mwaka 2027 itakuwa katikati ya Mei, andikeni sasa. Waziri wa elimu wa serikali ya wanafunzi anaingia kwenye kikao hicho. Aende na tarehe mkononi, asiende na malalamiko baada ya ratiba kubandikwa.

Kuna miaka ya kuangalia mbele zaidi. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja kuanzia karibu Januari 5 na nyingine kuanzia karibu Desemba 26. Mara ya mwisho ilikuwa 1997. Watanzania hututania kwamba Desemba Wachaga tunakwenda "kuhiji" Moshi. Desemba hiyo, kwenye koo ambazo shangazi anasali usharikani na baba mdogo anaswali msikitini, ndugu watakula nyama pamoja tarehe 25 na jioni hiyo hiyo, au kesho yake, nusu ya nyumba itakuwa inatazama upande wa Meru. Miaka mitatu baadaye ni zaidi: Idd el-Fitri ya pili ya mwaka 2033 inaangukia karibu na Desemba 23, sikukuu siku mbili, halafu Krismasi, halafu tarehe 26. Anayetaka kiti cha basi la Dar–Moshi wiki hiyo aanze kuulizia mapema.